Kwanza Mizani, Ndipo Mlango

Mteja wa kwanza kunishinda bei bila kupandisha sauti alikuwa mama mmoja mfupi, aliyekuja dukani kwangu na brashi ya waya mkononi. Mimi nauza vitu vilivyokwisha tumika: majokofu, mitungi, mizani, jenereta zinazoguna kama wazee. Nilianza na toroli moja lenye gurudumu la kuazima, na nilipofika nimefika kwa kujua kwamba mnunuzi akishakipenda kitu, usimpe nafasi ya kukitazama mara ya pili.

Huyu alitazama mara tatu. Alichagua mtungi wa gesi ya kaboni, ile inayotiwa kwenye soda ikafanya mapovu, akausugua bega kwa brashi yake mpaka rangi ikatoka, kisha akainama kusoma.

"Huu ulipimwa mara ya mwisho lini?"

"Mama, hicho ni chuma cha zamani, chuma chenyewe. Siku hizi hawatengenezi hivyo."

"Sijakuuliza ukoo wake. Nimekuuliza ulipimwa lini."

Mtungi wa namna hiyo hupelekwa kila baada ya miaka kadhaa, ukajazwa maji na kusukumwa kwa nguvu, ionekane kama bado unastahimili. Tarehe hugongwa palepale kwenye chuma. Nilikuwa nimeuza mitungi miaka tisa na sikuwahi kuisoma. Ya huu ilikuwa na miaka kumi na minne.

"Basi nakupunguzia," nikasema.

"Unipunguzie nini? Ukinipasukia utapunguza na kaburi?"

Akachukua mwingine, tarehe yake nzuri, kisha akaniambia kwamba kwa kuwa amenifanyia kazi ya kunisomea mali yangu mwenyewe, nimwachie kwa bei niliyonunulia. Sijui ilikuwaje nikakubali. Alipoona nimekubali akaomba nyongeza, nikamtupia kamba ya katani ya mita sita. Aliishika, akaivuta kwa nguvu zake zote, akaridhika.

Nilimpeleka kwake kwa gari langu. Nililaza mtungi kiti cha nyuma na kupandisha vioo kwa ajili ya vumbi. Akavishusha vyote vinne, akasimamisha mtungi na kuufunga kwa kamba ileile.

"Vumbi linaoshwa na maji, baba," akasema. "Hii haina rangi wala harufu. Ikivuja humu na vioo viko juu, utalala kwenye usukani na hutajua umelala."

Ndivyo nilivyomfahamu Mama Mizani. Jina hilo nilimpa mimi, na nitaeleza kwa nini.

Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha soda. Aliingia kama mfagiaji. Wenzake waliokuwa wakifagia walitazama sakafu. Yeye alitazama saa za kupimia kanieneo, yaani msukumo wa gesi, zilizopangwa ukutani, akajifunza ipi ikipanda fundi hukimbia na ipi ikipanda fundi huendelea kunywa chai. Mwaka wa tano wakampa ufunguo wa chumba cha gesi. Alistaafu akiwa ndiye anayewafundisha mafundi wapya, kwa mshahara ambao hakuwahi kunitajia. Nadhani aliona aibu, kwa niaba ya kiwanda.

Watu wengine wakistaafu hufuga kuku. Yeye alianza kupika bia. Nilimuuliza kwa nini asitengeneze soda, kazi anayoijua.

"Soda nimeitengeneza miaka ishirini na miwili," akasema, "na sijawahi kuipenda."

Nyumba yao imejengwa kwenye mteremko. Nyuma kuna stoo ndogo ambayo unaiingia kwa kushuka vidato viwili. Ukuta wake wa upande wa bondeni una tundu la ukubwa wa tofali, usawa wa sakafu, linalotokea nje kwenye majani. Humo ndani aliweka jokofu la kulala nililomuuzia, na ndani ya jokofu mapipa madogo ya chuma, yale yanayoitwa kegi. Bia ikishachacha na kutulia, huingizwa humo ikiwa baridi, kisha gesi huletwa polepole mpaka bia iinywe. Mtungi wenyewe hakuuweka ndani. Aliusimamisha nje barazani, ukafungwa kwa mnyororo ukutani, na mpira mwembamba wa plastiki ukapenya ukutani hadi kwenye jokofu. Kati ya mtungi na mpira kuna reguleta, kile chombo cha saa mbili kinachopunguza ukali wa gesi.

"Bila hiki," aliniambia akikigusa kama mtu anayegusa bega la mwanawe, "ukifungulia mtungi moja kwa moja kwenye kegi, huna kegi. Una bomu lenye bia."

Chini ya mtungi ndipo ilipokaa mizani. Ilikuwa mizani ya jukwaa, ya kupimia magunia, na mimi ndiye niliyeiuza. Nilidhani anataka kupima shayiri.

"Si una saa hapo juu?" nikamuuliza. "Inakuonyesha gesi iliyobaki."

"Inakudanganya. Gesi hii humo ndani iko kama maji. Maadamu kuna hata kikombe cha hayo maji, sindano inasimama palepale, leo na kesho. Siku ikianza kushuka, umeshaishiwa. Saa ina adabu za mgeni, haisemi shida mpaka imezidi. Mizani haina adabu."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kusalimiana na mumewe, alikwenda barazani kusoma mizani. Mtungi mtupu ulikuwa kilo kumi na tano. Alijua jana ulikuwa na ngapi na alijua matumizi ya siku moja ni kiasi gani, robo kilo ikizidi sana. Ikiwa tarakimu ni ile aliyoitarajia, anafungua mlango wa stoo. Ikiwa sivyo, anafunga mtungi kwanza, anaacha mlango wazi na kwenda kunywa chai. Kwanza mizani, ndipo mlango. Ile kamba yangu ya nyongeza aliitundika kwenye msumari kando ya mlango. Nilimcheka, nikamuuliza kama anaanika nguo za bia.

Hakucheka. Siku nyingine, si siku hiyo, ndipo aliponiambia. Kiwandani mtu aliingia ndani ya tangi kulisafisha, akaanguka. Mwenzake akaruka kumtoa, akaanguka juu yake. Yeye alikuwa wa tatu mlangoni.

"Ukaingia?"

"Ningeingia, ningekuwa nakuhadithia?"

Mumewe ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, mkewe akiwamo. Ni mtu mrefu, magoti mabovu, kichwa kimejaa methali. Hakuupenda ule mtungi tangu siku ya kwanza. Bia yenyewe aliipenda, tusimsingizie. Lakini alikuwa ameoa mfanyakazi wa kiwandani kwa matumaini kwamba kiwanda kitabaki kiwandani. Nilikuwepo siku walipowekeana masharti, nikiwa nimekaa juu ya jokofu nililolileta.

"Mama watoto," akasema Mwalimu, "siku gesi yako itakapomlaza mtu humu ndani, hata dakika moja, vyombo vyote vinatoka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Na langu: mtu haingii stoo kabla ya kusoma mizani, na habadilishi kitu humo bila kuniambia."

"Mke wangu, mimi nikabadilishe nini stoo?"

Wakapeana mikono, kama watu wa sokoni. Mimi nimeshuhudia mikataba mingi, na huo niliuona mgumu kuliko ya wanasheria. Kwa yule mama ile stoo haikuwa mchezo. Alikuwa na ujuzi wa miaka ishirini na miwili ambao hakuna mtu aliyekuwa akiuhitaji tena, na humo kwenye vidato viwili kwenda chini ndimo ulimobaki na kazi. Jumamosi watu watano, sita, walikuja na bilauri zao, wakasifu povu. Hakuuza hata tone. Nilimshauri auze, akanitazama kama nimemwambia auze meno.

Sasa nifike kwenye panya, na hapa sijisifu.

Mvua zilipokatika, panya walipanda kutoka bondeni kupitia lile tundu la stoo. Mama Mizani hakuwajali, aliweka mitego. Mwalimu ndiye aliyekosa usingizi. Siku moja alinikuta dukani, akanieleza, na mimi nilikuwa nahesabu misumari, sikumsikiliza kwa masikio yote mawili.

"Tundu lenyewe lina kazi gani?" nikamuuliza.

"Sijui. La kupitishia hewa, nadhani."

"Hewa si ipo mlangoni? Ziba, Mwalimu. Usipoziba ufa..."

"...utajenga ukuta," akamalizia, na uso ukamng'aa. Methali ikishamwingia Mwalimu, haitoki.

Yeye hakuwa na ubaya, wala mimi sikuwa nao. Tulikuwa wanaume wawili wenye jibu la haraka. Alisokomeza suruali kuukuu na karatasi ya mfuko wa simiti, akapigilia na ubao. Hakumwambia mkewe kwa sababu alitaka aone mwenyewe kwamba panya wamekwisha, amsifu. Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba panya mmoja alikuwa ndani wakati anaziba.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwao asubuhi. Nilikuwa na mteja anayetaka mizani ya jukwaa, na nilikuwa nimejiandaa kumshawishi Mama Mizani aniuzie ile yake achukue ndogo. Nilimkuta anatoka jikoni na kitambaa begani.

"Umeamkia biashara," akasema.

"Nimeamkia salamu. Biashara imenifuata tu."

"Ngoja nisome kwanza, ndipo uniongopee."

Tukaenda barazani. Akainama. Akainuka, akainama tena. Jana ilikuwa ishirini na mbili na nusu. Sasa ilikuwa ishirini kamili. Sikuwahi kuona mtu akibadilika uso kwa ajili ya kilo mbili na nusu, na mimi nimewaibia watu zaidi ya hizo.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye valvu, anaifunga. Kisha akatazama chini. Kandambili za Mwalimu zilikuwa mbele ya mlango wa stoo, na mlango umejifunga.

"Mwalimu!"

Kukajibiwa kwa sauti ya mtu aliyekimbia mlima. Nikashika kitasa, nikausukuma mlango, na nilikuwa nimeshainua mguu nilipohisi ukosi wa shati langu unanikaba. Alinivuta nyuma kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Ukianguka na wewe, nitavuta wangapi?"

Akausukuma mlango mpaka mwisho, akauwekea tofali usijirudie. Tukamwona. Mwalimu alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono mmoja umeshika ukingo wa jokofu, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto. Miwani ilikuwa imemwanguka alipoinama kutazama kama panya wamekwisha, naye alikuwa akiipapasa. Kadiri alivyopapasa ndivyo kichwa kilivyozidi kushuka, na huko chini ndiko gesi ilikolala. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hukaa sakafuni kama maji usiyoyaona.

"Mwalimu, acha miwani! Kichwa juu! Simama!"

"Naiona... naiona hapa..."

"Nimesema kichwa juu!"

Nadhani katika ndoa yao Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kuamrisha kwa sauti ya darasani, na labda hiyo sauti ikimrudia ilimshtua. Aliinua kichwa, akajaribu kusimama, magoti yakakataa. Mama Mizani alikuwa ameshatoa kamba kwenye msumari. Alijifunga kiunoni fundo moja, akanitia ncha mkononi.

"Nikianguka, vuta. Usiingie. Umesikia? Vuta tu."

Akavuta pumzi mara mbili, ya tatu akaifungia kifuani, akashuka. Nilihesabu, sijui kwa nini. Moja, mbili, akamfikia. Akampitishia mikono kwapani. Nne, tano, mwanamume mrefu yule akainuka kama gunia. Nane, kidato cha kwanza. Kumi na moja wakaniangukia wote wawili barazani, na yeye ndipo akaachia pumzi.

Mwalimu alikaa ukutani, uso mwekundu, jasho linamtoka, akilalamika kichwa. Baada ya dakika kumi alijua jina la mtaa na siku ya wiki. Mkewe hakuridhika na hayo, tukampeleka zahanati, nikaendesha vioo vikiwa vimeshuka vyote bila kuambiwa. Walimpima, wakamwekea hewa safi ya kuvuta, mchana wakamruhusu.

Lakini kabla hatujaondoka kwenda zahanati mkewe alifanya jambo moja. Alizunguka nyuma ya nyumba, mimi nikiwa nyuma yake. Aliuona ubao. Aliung'oa kwa upande wa nyuma wa nyundo, akatoa karatasi ya simiti, kisha suruali. Aliikunjua ile suruali. Ilikuwa ya kijivu, ya kufundishia, goti moja limepauka kwa chaki. Akaikunja vizuri, akaiweka kwapani.

Jioni tulirudi stoo, mlango na tundu vikiwa wazi tangu asubuhi. Nyuma ya jokofu tulikuta mpira wa gesi umetafunwa, alama za meno zimepangika. Hatua moja kutoka hapo alilala panya, amekufa, hana jeraha, kama aliyepitiwa na usingizi. Miwani ya Mwalimu ilikuwa kando yake.

Tulikaa sebuleni sote watatu. Mwalimu alikuwa na shuka mabegani. Alikohoa kidogo, akasema kile ambacho mimi na mkewe tulikuwa tukikisubiri.

"Mama watoto, tulipeana mikono."

"Tulipeana."

"Gesi imelaza mtu."

"Imelaza."

"Basi."

Yule mama akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa mkavu. "Kesho kutwa lete gari," akaniambia. "Mtungi, reguleta, kegi zote, jokofu. Mizani pia, si uliijia? Bei tutaelewana, sina nguvu za kukubishia."

Nataka nieleweke. Vyombo vile nilivitamani miaka mitatu. Mmiliki anauza kwa haraka, hana nguvu za kubishana. Kwa mtu wa biashara yangu hiyo ni mvua iliyonyesha kwenye pipa langu. Nilishapiga hesabu kichwani kabla hajamaliza kusema. Ndipo nikaona ile suruali ya kijivu, imekunjwa, chini ya mto wa kiti chake. Hakuwa na nia ya kuionyesha.

Nilimfuata jikoni. "Kwa nini humwambii?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba aliziba tundu. Kwamba aliingia bila kusoma mizani. Masharti yako amevunja yote mawili."

"Mtu ametoka kukosa pumzi asubuhi, nimfungulie kesi jioni?" Akamimina maji kwenye birika. "Akijua, atajiona mjinga mpaka anakufa. Namjua. Bora nikose bia."

"Lakini gesi haikukosea. Wewe hukukosea."

"Sijasema nilikosea."

Mimi si mtu wa dhamiri nyingi. Dhamiri haibebi mzigo. Lakini sijawahi kununua kitu nikijua muuzaji hajui kwa nini hasa anauza, na hapa mama huyu hakujua kwamba wazo la kuziba lilitoka kwangu. Tena, nilijua kwamba yule mama siku moja angejiuliza Mwalimu alipata wapi wazo, na yeye ni mtu wa kupima. Nikarudi sebuleni.

"Mwalimu," nikasema, "unakumbuka nilikwambia uzibe?"

Akanitazama. Alielewa polepole, nikaona kila hatua. Akatazama mlango wa jikoni, mkewe amesimama na birika.

"Lile tundu," akasema.

"Lile tundu ndilo linalotolea gesi inayovuja," nikasema. "Ikivuja inashuka sakafuni, inatoka kwa tundu, inakwenda bondeni. Sikujua. Nilikujibu nikiwa nahesabu misumari. Panya ulimfungia ndani akakosa pa kutokea, akatafuna mpira."

"Nilidhani ni ufa."

"Si kila ufa ni wa kuziba," akasema mkewe, na alisema taratibu sana. "Huo niliuacha mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwalimu hakuwa na methali. Nilichukua kofia yangu, nikaondoka. Mambo ya watu na ndoa zao hayana faida kwa mtu wa tatu.

Keshokutwa yake nilileta gari kama nilivyoagizwa, maana agizo halikuwa limefutwa. Nilileta pia, nyuma ya gari, kipande cha wavu wa chuma mnene, matundu madogo kiasi kwamba panya hapiti, ila hewa inapita. Nilikuwa nimekikata mwenyewe usiku uliotangulia kwa kipimo cha tofali.

Barazani nilimkuta Mwalimu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mizani, magoti yanamuuma mpaka uso umekunjamana, miwani puani, kipande cha chaki mkononi. Mtungi ulikuwa bado juu ya mizani, mpira mpya umefungwa, na kwenye maungio povu la sabuni lilikuwa limetulia bila kiputo hata kimoja. Juu ya mlango wa stoo, kwa mwandiko ule wa ubaoni, alikuwa ameandika tarehe na mbele yake tarakimu.

"Kumi na tisa na robo tatu," akasema bila kugeuka. "Jana kumi na tisa na robo tatu. Unaweza kufungua."

Mkewe alitoka jikoni, akauona wavu mkononi mwangu.

"Huo shilingi ngapi?"

"Huo ni wa kwangu. Nimeuleta mwenyewe."

Akaupokea, akaugeuza, akaupitishia kidole ukingoni mahali nilipokata. "Una makali. Mtu atajikata. Upige tupa, na skrubu nne zisizoshika kutu, na utaufunga mwenyewe."

"Mama, nimesema ni bure."

"Ndiyo maana nataka ufungwe vizuri. Vya bure ndivyo vinavyolegea."

Nikaenda nyuma ya nyumba na tupa yangu. Gari lilirudi dukani tupu, na yule mteja wa mizani ya jukwaa nilimwambia aendelee kusubiri.